Mdogo Wangu Niliyemfaulisha

Mpendwa mdogo wangu Yeremia,

Wiki iliyopita nilimwambia mama jambo nililomficha tangu niliporudi kutoka vitani. Sasa sijui la kufanya, na mtu ambaye ningemwuliza ni wewe, ambaye huna hata kaburi la kukaa pembeni yake. Basi naandika, na barua hii siifungi. Anayetaka kuisoma na aisome. Hapa Vudee nyumba nyingi zina mtu wao aliyebaki ng'ambo.

Siku nilipoondoka mimi, ulinisindikiza kwa miguu mpaka Same, sanduku langu kichwani mwako. Tulipofika stesheni ulikuwa ukikohoa hata watu wakageuka kukutazama. Kifua chako kilikuwa hivyo tangu utotoni. Ukungu ukishuka mlimani, mama alikufunga kitambaa shingoni akakuweka karibu na mafiga, na mimi nikaenda peke yangu kufungulia maji ya ndiva, bwawa letu la mlimani, yateremke shambani.

"Nitakufuata," uliniambia treni ilipoanza kusogea.

Nikacheka. Nikakujibu kwa sauti kwamba jeshi la Mwingereza halichukui watu wa kikohozi.

Lilikuchukua. Wakati huo walihitaji watu, hawakuuliza mengi. Siku ulipofika kambini kwetu kisiwani Seiloni, mimi nilikuwa nimekwisha kufanywa mwalimu wa mazoezi ya viungo. Nilikuwa uwanjani nafundisha Wanyasa na Wakamba kupanda kamba, nikaona kundi la wageni linashuka kwenye lori, na mmoja wao amesimama kama baba alivyokuwa akisimama, bega moja juu. Nilisahau cheo changu nikakimbia. Wewe ukapiga saluti.

"Shikamoo, Mwalimu," ulisema, ukicheka mpaka ukapaliwa.

Daktari wa kambi alikusikiliza kifua akakuandika kazi ya ghala la nguo. Usingevuka kwenda Burma. Ungekaa pale ukikunja mablanketi mpaka vita viishe. Nilishukuru Mungu, Yeremia. Nilipiga magoti kabisa.

Lakini wewe ulinijia jioni ileile. "Kaka, watu wa Vudee watauliza nilifanya nini huku. Niwaambie nilikunja mablanketi? Nifundishe. Daktari amesema nikipita mtihani wa mazoezi atanibadilishia."

Ningeweza kukataa. Nilijidanganya kwamba mazoezi yatakutibu kifua tu, basi, na mtihani hutaufikia. Kwa hiyo nikakufundisha. Alfajiri, kabla ya wanafunzi wengine kuamka, nilikukimbiza ufukoni polepole, kisha kwa kasi zaidi. Nilikufundisha kuvuta pumzi kwa pua na kuitoa kidogo kidogo. Nilikulaza chali nikakuwekea jiwe tumboni ulinyanyue kwa pumzi. Juma la kwanza ulitapika. Juma la tatu ulipanda kamba mpaka nusu ukaning'inia pale ukiniita, "Mwalimu, huku juu hewa ni kama ya kwetu!" Juma la sita kikohozi kilikuwa kimekwisha. Mama alikupaka mafuta ya kondoo miaka yote ile hakikuisha, mimi nikakimaliza kwa majuma sita. Nisikufiche, nilijivuna. Sijapata kufundisha mtu vizuri kama nilivyokufundisha wewe.

Siku ya mtihani mlikuwa kumi na wanne. Kukimbia na mzigo, kupanda kamba, kumbeba mwenzako hatua mia mbili. Ulimbeba yule Mkamba mnene, ukafika wa pili. Kisha mkapanga mstari mbele yangu, nami nikashika karatasi na penseli. Kapteni alikuwa upande wa pili wa uwanja, hakuona kitu. Ningeandika "hakufaulu" na hakuna ambaye angejua ila mimi na wewe. Nilikutazama. Ulikuwa umesimama wima, jasho linakutiririka, unapumua taratibu kama nilivyokufundisha, na mabega yako yote mawili yalikuwa sawa.

Niliandika ulichostahili.

Jioni yake nilikwenda kwa Kapteni kumwomba akuache nami uwe msaidizi wangu uwanjani. Hakunikaripia. Alisema tu, "Mwalimu, kila mmoja hapa ni ndugu ya mtu. Nimwache yupi?" Nilipiga saluti nikatoka. Malori yaliondoka Jumatatu. Ulinipungia mkono, na mimi nikageuka kuwafundisha wapya, maana walikwisha kupanga mstari wakinisubiri. Moja, mbili. Moja, mbili. Ndiyo kazi niliyokuwa nayo.

Habari zako niliambiwa na mtu wa Mbaga aliyerudishwa na jeraha la mguu. Nilimsihi anieleze yote. Alisema njia ilikuwa ya mlima, matope yanafika magotini, na mkubwa wenu alitaka mtu wa kupeleka ujumbe kwa waliotangulia.

"Aliuliza nani ana pumzi ya kupanda upesi," alisema. "Sote tulimwonyesha Yeremia. Yule alikuwa hachoki."

Ulipanda. Ujumbe ulifika, akaniambia hivyo kama zawadi. Wakati wa kushuka adui walikupiga risasi, ukaishia pale.

Niliporudi nyumbani mama aliniuliza swali moja tu. "Na wewe uliyekuwa mwalimu wao, hukuweza kumwombea abaki?" Nikasema nilimwomba mkubwa, akakataa. Ni kweli niliomba. Lakini nilianzia hadithi katikati, nikaiacha hivyo miaka yote hii, huku nikifundisha mazoezi shuleni na kula makande ya mama kila Jumapili baada ya ibada.

Wiki iliyopita alikuwa akichambua maharage uani. Akasema, bila sababu yoyote, kwamba anashangaa jeshi lilikupelekaje mbele na kifua kile. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikamwambia yote: ghala la nguo, ufuko, jiwe la tumboni, karatasi, penseli.

Hakulia. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha, akausimamisha ukutani, akachukua jembe akaenda shamba la bondeni. Nilimfuata nikasimama kwenye mgomba. Alilima bila kuinua kichwa. Nikasema, "Mama, niseme nini?" Akasema, "Nipishe, umesimama juu ya miche." Nikapisha.

Jumapili alinipakulia makande kama kawaida. Alinijazia sahani. Aliniuliza kama paa la shule limeezekwa. Juu yako hakusema neno, wala jana, wala leo asubuhi nilipompelekea kuni. Sijui kama amenisamehe au amenifuta. Namtazama uso, sioni kitu. Watu wazima mia nne nimewafundisha kutumia miili yao, na sijui nimshike mama yangu mkono au niuache.

Wewe ungejua. Alikuwa akinyamaza hivi, mimi nakimbilia kwako, nawe unaniambia, "Kaka, amekasirika," au, "Kaka, ana huzuni tu, nenda." Sikuwahi kujifunza kumsoma, kwa kuwa ulikuwepo.

Ni mimi, kaka yako, uliyemwita Mwalimu.