Ubao wa Mama Kulwa

Alhamisi, Kalangalala

Na mimi niliyeishia darasa la tano leo shemeji yangu Mama Kulwa ameniita mwalimu, tena mbele za watu. Dar nimekaa, Mwanza nimekaa, sijaona mwalimu kama mimi.

Wiki ya pili hii ugali wa Mama Kulwa unalala. Wachimbaji wa dhahabu wanapita tu. Akifunga mgahawa, wale mapacha wake watakula nini? Hilo lilinikosesha raha.

Leo akanionyesha ubao wa mlangoni aliouandika kwa chaki kuita wateja. Ulianza na salamu, ukaja ukoo, baba, babu, kama tunavyosalimiana Usukumani. Ugali ulikuwa mstari wa mwisho.

"Usome kwa sauti," nikamwambia, "mimi napita kama mchimbaji mwenye njaa."

Alipofika kwa babu yake, mimi nilishafika mgahawa wa jirani.

"Shemeji, unakimbia."

"Njaa ndiyo inakimbia. Umemwandikia nani, mkwe au mchimbaji?"

Akacheka, akafuta, akaandika: UGALI WA MOTO, SAMAKI SATO, MCHICHA. Salamu akakataa kuitupa, akaiweka chini: KARIBU MWANANGU. Nikamwachia, maana mtu aliyetoka shimoni akiitwa mwanangu, atakwenda wapi tena?

Jioni viti vilijaa. Mimi, mwalimu mzima, nimekula nimesimama.