Mashine Ndiyo Mbovu, Siyo Redio Yako

Mama watoto,

Chai iko kwenye chupa. Betri ya boti nimeiacha mlangoni, msiiguse.

Jana nilikufokea bure kwamba redio yako ndiyo inayoimaliza betri. Usiku redio haikuguswa, asubuhi boti ikawaka vizuri. Nikavusha watu, nikarudi, kuwasha tena: kimya. Nikavuta kamba mpaka bega likalia, ikawaka. Nikaweka kipimo kwenye betri, umeme haupandi hata kidogo. Kumbe mashine yenyewe haichaji. Nimekwangua kutu, nimebadilisha fyuzi, wapi! Ikazimika, na sasa hata kamba inagoma. Ujuzi wangu umeishia hapo.

~~Nimeenda kwa fundi.~~ Fundi hapokei simu, na daktari wa macho wa mama yako yupo leo tu. Nimeenda ng'ambo kumchukua mama kwa makasia. Kama nitawahi, sijui.

Mpigie, mwambie mkwewe yuko njiani. Haoni mbali, atakuwa ametega sikio pale ukingoni. Akikuuliza mbona hasikii mashine, mwambie asikilize makasia.

Baba watoto