Vizibao Vyekundu vya Duke na Maple

Shangazi Opal,

Naandika haya nimejifungia chooni mwa gari letu, maana ni hapa tu mke wangu Lorraine hanifuati kunipima mapigo ya moyo, tafadhali nisaidie kabla ya Jumamosi. Mimi ni Wendell, miaka sabini na moja, fundi bomba mstaafu wa Nebraska, naye Lorraine amebandika picha ya bonde kuu la Grand Canyon kwenye friji tangu tuoane, miaka arobaini na minne, akitaka jambo moja tu, tushuke kwa miguu ndani ya lile bonde, sisi wawili, basi nilipostaafu tukanunua nyumba ya magurudumu tukaja, pamoja na mbwa wetu Duke na Maple, ambao sijawahi kumwachia mtu hata siku moja, na kibao pale kinasema mbwa mwisho ukingoni, chini hawashuki ila wale waliofunzwa kusaidia wagonjwa na walemavu.

Nilijua, Shangazi. Nilijua tangu nyumbani, ndiyo maana niliagiza vizibao viwili vyekundu vilivyoandikwa "Mbwa Yuko Kazini", na Lorraine nikamwambia ni vya baridi. Asubuhi tuliyotaka kushuka, askari wa hifadhi, binti mpole tu, akatusimamisha.

"Mzee, huyu mkubwa amefunzwa kazi gani?"

"Ananusa moyo wangu," nikaropoka. "Ukitaka kusimama, anabweka."

"Na huyu mdogo?"

"Huyo... msaidizi wake."

Papo hapo Duke akamwona kindi, akabweka. Lorraine akapiga yowe, akanikalisha juu ya jiwe mbele za watu. "Moyo, Wendell? Unaumwa moyo na hujaniambia?" Nami nikanyamaza, Mungu anisamehe.

Siku ya nne leo nakula uji wa shayiri bila chumvi, usukani kaushika yeye, na dirishani kabandika tangazo la kuuza gari, eti Jumamosi tunarudi nikaonwe na daktari. Jana nimemsikia akimwambia binti yetu kwenye simu kwamba bonde si kitu, halafu sauti ikamkatika. Nikisema ukweli atanichukia. Nifanyeje?

Wendell, kambini


Wendell, toka chooni.

Pale kwenye "msaidizi wake" nimecheka, sikufichi. Kisha nikamfikiria mkeo, nikaacha kucheka. Mtu mzima na mvi zako unamvisha mbwa uongo! Kuna watu hawavuki hata barabara bila mbwa wao, na kila Duke anayebwekea kindi akiwa "kazini", wao ndio wanaotiliwa shaka kesho yake. Duke hana kosa. Kosa ni lako.

Mwambie leo, kabla ya uji. Sema hivi: "Siumwi moyo. Nilidanganya kwa sababu sikutaka kuwaacha mbwa." Ishia hapo, usiongeze "lakini". Atafoka, na umestahili. Akinyamaza, nyamaza naye, usijaze kimya kwa vichekesho vyako.

Kisha mfuate yule binti askari, vizibao mkononi, umwombe radhi. Muulize pia kuhusu kile kiapo ambacho hifadhi huwapa mbwa wa wageni: mbwa akae kwenye kamba, asisumbue wanyama, nawe uokote kinyesi chake, naye anaapishwa na kuvishwa beji. Duke apate cheo cha halali safari hii. Jioni watembezeni wote wawili ukingoni, wanaruhusiwa kabisa.

Siku inayofuata wapeleke kwenye banda la kutunzia mbwa, lipo humohumo hifadhini. Watalia? Watalia, na wewe utawazidi. Shukeni mapema kabla ya jua kali, maji ya kutosha, na mgeuke mkiwa bado na nguvu, maana kazi ni kupanda. Lakini kwanza muone daktari hapo karibu akupime huo moyo kwelikweli, Lorraine apate kulala.

Na mkishuka, kumbuka hili. Alipodhani unaumwa, mkeo aliliacha bonde la miaka arobaini na minne siku ileile, bila kuombwa na mtu. Wewe ulishindwa kuwaacha mbwa nusu siku. Mshike mkono huko chini, Wendell. Kamba za mbwa utazishika jioni.

Shangazi Opal