Kura ya Emil Sabol

Harlow Ferry, Pennsylvania
Aprili 24

Mwanangu Renata,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na Anselmo, na Inez wangu ambaye nasikia ameng'oka meno mawili ya mbele kwa mpigo. Mimi ni mzima wa kujikongoja. Goti la kushoto linanisumbua kila mvua inapokaribia, na Aprili hii mvua haikatiki. Theluji imekwisha, mto umejaa, na Stush wa jirani ameshaanza kuzinung'unikia nyasi zangu kana kwamba nimezipanda kumkomoa.

Barua yako niliipata. Niliisoma nimesimama mlangoni, koti sijavua. Umesema hutakuja mwezi wa tano jiwe la baba yako litakapowekwa, kama ulivyokataa kuja kumzika. Umesema huwezi kusimama kwenye kaburi la mtu aliyetumia pumzi zake za mwisho kumpigia kura anayetaka kumfukuza baba wa mtoto wako. Umesema hata picha yake umeigeuza, imetazama ukuta. Sikulaumu. Ila nina jambo la kukueleza, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaichana barua hii, maana najua mkono wako ulivyo mwepesi. Umeurithi kwangu.

Yalianza Kwaresima ya mwaka jana. Yule jaji wa Mahakama ya Juu alifariki Jumamosi, na Ijumaa iliyofuata tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa tukiuza samaki wa kukaanga kama kila mwaka. Mimi nilikuwa nikijaza viazi kwenye unga wa pirogi. Baba yako tulimkataza kusogelea moto kwa sababu ya mtungi wake wa oksijeni, kwa hiyo akawekwa mlangoni auze tiketi, naye akawa anamwambia kila anayeingia kwamba mkewe anaogopa atalipuka. Watu walicheka, kisha wakarudi kwenye habari ya siku hiyo. Marehemu mwenyewe hakuna aliyemtaja. Wote walikuwa wanaongelea kiti. Majaji walikuwa tisa, sasa wamebaki wanane, na Seneti ilishasema kiti hakikaliwi mpaka wananchi wachague rais mpya wa kumteua jaji. Stush alikula vipande vitatu vya samaki huku akihesabu majaji kwa vidole vyenye mafuta.

Unamkumbuka baba yako wakati ule. Alikuwa ameshaapa kwamba safari hii hapigi kura ya urais. Alimchukia mgombea wa chama chake kuliko wa upande wa pili. Alisema mdomo wa yule mtu hauna mlango. Miaka ishirini na sita amesimamia uchaguzi kwenye ukumbi wa zimamoto, akasema, na mwaka huu atakaa nyumbani anywe supu. Lakini Stush alikuwa akija kila wiki na kadi zake za chama, anakaa pale kitandani miguuni pake, na maneno yake yalikuwa yale yale. "Emil, we humpigii mtu, unakipigia kiti. Mtu ataondoka baada ya miaka minne, minane. Kiti kitabaki mpaka wajukuu zako waote mvi."

Nawe unajua kiti hicho kilikuwa nini kwa baba yako. Miaka thelathini, kila Januari, alipanda basi la parokia kwenda Washington kuandamana kwa ajili ya watoto wasiozaliwa, mahakama ikataze utoaji mimba, na chupa yake ya kahawa na soksi jozi mbili. Maneno ya Stush yalimwingia. Kufika Juni, bango la chama lilikuwa limesimama mbele ya nyumba yetu, na baba yako akawa anayasema maneno ya kiti kana kwamba ameyatunga yeye.

Ni Juni hiyo hiyo uliponipigia simu ukilia. Mahakama ilikuwa imegawanyika kuhusu ule mpango wa vibali vya kuishi kwa wahamiaji wenye watoto waliozaliwa hapa, wanne huku na wanne kule, na kwa kuwa hakukuwa na wa tisa, mpango ukafa. Anselmo alikuwa ameshaandaa karatasi zake zote kwenye bahasha ya kaki. Uliniambia, "Mama, kiti hicho mnachokiimba huko ndicho kilichoniponza." Uliniomba niahidi kupiga kura upande wa pili, nami nikaahidi. Baba yako alikuwa anasikia kutoka chumba cha mbele. Niliporudi alikuwa anatazama mashindano ya kuvua samaki kwenye televisheni, sauti imezimwa.

Oktoba Anselmo alikuja peke yake kututengenezea ule mteremko wa mbao kwa ajili ya kiti cha magurudumu. Mwendo wa saa tano, baada ya wiki nzima kwenye mashamba ya uyoga. Alifanya kazi siku mbili. Siku ya pili muuguzi hakutokea, na Anselmo akanawa mikono akamwogesha baba yako kama mtu anayeogesha mzazi wake, na unajua baba yako alivyokuwa na haya. Nilikuwa nakunja taulo mlangoni nikamsikia baba yako anamuuliza, kwani kijana, ulikosa majaji wangapi? Anselmo akasema, "Mmoja tu, mzee." Baba yako akarudia, "Mmoja tu." Basi. Nilidhani ni mazungumzo ya kupitisha wakati.

Karatasi yake ya kura ya posta ilifika wiki iliyofuata. Nilijitolea kumjazia, mkono wake ulikuwa unatetemeka hata kijiko hakifiki mdomoni. Alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama wanawake waliokuwa wakichungulia vibanda vya waume zao pale zimamoto. Alisema kura ni siri, mke hana ruhusa na Papa hana ruhusa, nifunge mlango. Alikaa humo zaidi ya nusu saa. Alipoita, bahasha ya ndani ilikuwa imeshagundishwa, na ile ya nje ilikuwa na sahihi yake, imepanda na kushuka bahasha nzima.

Nikaipeleka kwenye sanduku la barua pale barabarani, nikainua kibendera chekundu ili mleta barua ajue kuna kitu cha kuchukua. Baba yako alikuwa ananiangalia dirishani. Nilirudi ndani nikaanza kumenya viazi, na kila kiazi nilichokimenya nilimwona Inez. Nilimwona amesimama mahali fulani ameshika begi la baba yake. Nilikuwa na hakika kabisa ya kilichomo ndani ya bahasha ile. Miezi minane nimekisikia kikisemwa chini ya dari yangu. Nikajiambia, Bernadine, umemzalia mtu huyu, umemuuguza, umemfulia jasho la kiwanda cha chuma miaka arobaini na moja, lakini hili hulipeleki wewe kwa mkono wako.

Aliposinzia nilitoka kwa mlango wa jikoni. Nikaitoa bahasha kwenye sanduku nikaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti langu la kanisani. Kibendera nilikiacha juu. Mleta barua alikuja, akakuta sanduku tupu, akakishusha akaenda zake. Baba yako alipoamka akaona kibendera kiko chini, na alitabasamu. Ndiyo, Renata, alitabasamu, nami nilikuwa nampangusa kidevu.

Kura za posta zilitakiwa ziwe zimefika wilayani Ijumaa kabla ya uchaguzi, saa kumi na moja jioni. Sheria hiyo aliijua kuliko sala zake. Kwa hiyo kila siku, lori la posta likisimama nje, aliniuliza, "Imefika, Berni?" Nami nasema imefika. Jumatano akataka nipige simu wilayani niwaulize. Nikachukua simu ya jikoni, nikabonyeza namba yetu wenyewe, nikazungumza na ule mlio wa simu iliyo bize. Nilisema, asante sana mama, Sabol, ndiyo, Emil, kwa hiyo mmeipokea, Mungu akubariki. Hata nikacheka kidogo, kana kwamba yule mama wa wilayani amenitania. Baba yako akafumba macho akasema, "Basi. Sasa na iwe itakavyokuwa." Ijumaa nilikaa jikoni nikiitazama saa ya ukutani mpaka ikapita kumi na moja, na koti lilikuwa limening'inia pale nyuma ya mlango.

Jumanne ya uchaguzi Stush alikaa naye mimi nikaenda zimamoto, nikapiga kura yangu kama nilivyokuahidi. Kwenye daftari jina lake liko chini ya langu, na pembeni wameandika kwamba amepiga kwa posta, kwa sababu karatasi ya posta aliiomba. Nikatia sahihi yangu juu ya jina lake.

Asubuhi ya Jumatano nilimwamsha nikampa matokeo. Nilitaka angalau afe na furaha. Nilimwambia, "Umeshinda, Emil. Umekipata kiti chako." Akageukia ukutani. Mabega yakawa yanatikisika, nikamsikia analia, na nikakasirika, mwanangu, Mungu anisamehe. Nilidhani analia kwa furaha. Baadaye akaniuliza kama nimekupigia simu. Nikajibu kwa ukali kwamba Renata habari anazo, wala hahitaji kuzisikia kwake. Alfajiri ya Alhamisi alifariki, na hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia akiwa na akili zake.

Watu walisema nitamwona kitandani, nitakisikia kikohozi chake. Havijanitokea. Kinachonitokea ni saa tano asubuhi, mchana mweupe, jua limejaa jikoni. Lori la posta likisimama, sauti inatoka chumba cha mbele, haikasiriki, inauliza tu. Imefika, Berni? Mwanzoni nilijibu kwa mazoea. Nilishajikuta nimesimama na mwiko mkononi nasema imefika. Sasa lori likikaribia nawasha mashine ya kufulia hata kama sina nguo. Kitanda cha hospitali nilikirudisha, chumba kitupu, na bado swali linatoka mahali pale pale, kimo cha mtu aliyelala. Padre nilimweleza nusu yake, akanipa sala. Nimesali zote.

Wiki iliyopita, baada ya Pasaka, niliamua kuichoma ile bahasha. Nilikuwa nimeshawasha majani kwenye pipa nyuma ya nyumba. Kisha nikaona haifai kuchoma kosa ambalo hata sijalitazama usoni. Nikakaa kwenye ngazi, nikaichana.

Baba yako hakuwahi kuacha nafasi kwenye karatasi ya kura maisha yake yote. Alipiga kura ya seneta, ya hakimu, hata ya yule mtu wa wilaya anayechunguza maiti. Safari hii karatasi nzima ilikuwa tupu. Hakugusa mtu mwingine yeyote. Amejaza kiduara kimoja tu, cha rais, na amekijaza kwa nguvu hata kalamu imetoboa karatasi, na wino umetoka nje ya duara kwa mtetemo. Si wa chama chake. Ni wa upande wa pili, Renata. Ni yule uliyeniomba nimpigie mimi.

Nilikaa pale mpaka moto ukazimika wenyewe. Hakuweza kumwambia Stush, wala watu wa basi la Januari, wala mimi, kwa sababu mimi kila alipofungua kinywa habari ya kiti nilikuwa nageuka na sahani zangu. Nusu saa ile alikuwa peke yake na miaka yake thelathini upande mmoja na nyinyi upande wa pili, na aliamua. Kisha akanikabidhi.

Najua kura moja isingebadilisha kitu. Stush ameshanipigia hesabu ya jimbo zima bila kuulizwa. Lakini haikuwa yangu kuitupa, na kwa miezi mitano nimekuacha umchukie marehemu kwa jambo ambalo hakulifanya. Nilinyamaza nikidhani naificha aibu yake. Kumbe nilikuwa naificha yangu. Na sasa Anselmo ameitwa kuripoti kwa watu wa uhamiaji Juni, na sina cha kumsaidia isipokuwa ajue kwamba mzee aliyemwogesha alimsikia.

Karatasi yenyewe nimeitia humu pamoja na bahasha zake zote mbili. Barua hii sitaiacha kwenye sanduku. Nitaipeleka posta mwenyewe, nimkabidhi karani, nisubiri aigonge muhuri mbele yangu.

Nisalimie Anselmo sana, mwambie mteremko wake haujayumba hata na theluji ile. Mbusu Inez, mwambie bibi anamwekea noti moja ya dola kwa kila jino. Stush anakusalimu, hajui lolote, na mimi sitamwambia kwa sababu baba yako hakutaka ajue. Jiwe linawekwa Jumamosi ya tarehe 20 Mei, saa nne asubuhi. Njoo kwa baba yako. Mimi kama hutaki kuniona nitabaki nyumbani, mniache mpaka mmalize.

Mama yako anayekupenda,
Bernadine