Fimbo Iliyobarikiwa

Walthamstow, London
Juni 1998

Dada yangu mpendwa Anne,

Pokea salamu nyingi wewe, shemeji na watoto. Natumaini mguu wa mama umepata nafuu. Mimi sijambo, ila mkono wa kushoto ungali kwenye plasta na karatasi inaniteleza, basi usinicheke mwandiko.

Barua yako imefika. Unasema Solomon aliwapigia simu kwamba wahuni walimvamia tukiwa hija, na mnaandaa misa ya shukrani kwa kupona kwake. Unanisihi nirudi nikamuuguze mume wangu, maana kuuguza ndiyo kazi inayonilisha huku. Nitakujibu, lakini usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Hija ilikuwa wazo la Njenga, mwenyekiti wa jumuiya yetu. Nilipomweleza jinsi Solomon anavyonipiga, alisema tusiwapelekee Wazungu mambo yetu. Bora jumuiya nzima itembee kutoka Southwark hadi Canterbury, njia ya mahujaji wa kale waliokwenda kwenye kaburi la askofu aliyeuawa kwa panga ndani ya kanisa. Mume na mke wakichoka pamoja watapatana, alisema. Asubuhi ya kuondoka padri alibariki fimbo za kutembelea. Hazikutosha, basi kila nyumba ikapewa moja, mikononi mwa baba. Hata Solomon alipewa, na mimi mjinga nikaitikia amina.

Tukipanda Shooters Hill nilimpa maji Mumbi, mwenzangu wa kazini. Solomon akadai nimegawa maji bila ruhusa yake. Fimbo ya kwanza ilinipata mgongoni, ya pili mdomoni, jino likatoka. Nilipokinga niliusikia mfupa wa mkono ukivunjika. Nikaanguka, akanipiga mateke ya mbavu. Unajua wenzetu walifanya nini? Njenga alipandisha wimbo, wakaimba kwa nguvu ili wapita njia wasisikie kilio changu, wakaendelea kutembea. Hilo liliniuma kuliko fimbo.

Mumbi peke yake alirudi. Alimkwida Solomon shati kwa nyuma, fimbo ikamdondoka.

Hapakuwa na wahuni, Anne. Fimbo niliiokota mimi. Nilimpiga nayo gotini, na alipoanguka nikampiga taya, kisha mkono wa kulia, ule ule anaonipigia, mpaka fimbo ikakatika. Aliniambia, "Eufrasia, nisamehe, watu wanaona." Watu walikuwa wakiimba. Niliacha kwa sababu Mumbi alinishika, si kwa huruma. Hospitalini Solomon akasema ni wahuni, kwa aibu ya kupigwa na mkewe, na jumuiya yote ikamuunga mkono.

Sijaenda kuungama, kwa kuwa sijutii. Naishi kwa Mumbi, na kwa Solomon sirudi, hata mama akilia.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Misa yenu msiivunje. Mwambie padri tu alitaje na jina langu, maana mimi pia nimepona.

Mdogo wako akupendaye,
Eufrasia