Mkalimani wa Mzee Pankras

Shikamoo Mama Tadea,

Nakuandikia nikiwa na furaha na aibu kwa pamoja, na usicheke, si mambo ya mapenzi. Natunza seva ya chama chetu cha wakulima wa kahawa hapa Matiri, mkulima akifungua ukurasa wetu kwenye simu anaona kahawa yake imepewa daraja gani, na ukurasa huo umeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo PHP, kwa hiyo seva lazima iwe na mkalimani ndani yake wa kuisoma, naye alikompailiwa, yaani alitengenezwa kutokana na msimbo wake, zamani na Mzee Pankras, aliyenifundisha kazi yote kabla hajastaafu akahamia Lipingo. Mwezi wa nne tulipata mashine mpya, mkalimani wa Mzee akagoma kufanya kazi humo, na vigezo alivyotumia kumkompaili hakuviandika popote, alikuwa navyo kichwani, nikaona haya kumsumbua, nikapakua msimbo nikakompaili mwenyewe, mara ya kwanza ikakosekana maktaba moja ya msimbo, ya pili seva haikuwaka kabisa, ya tatu ikakubali, Mama, niliruka ofisini peke yangu! Basi mzee akafungua ukurasa, akanipigia: "Mwanangu, unaona? Mashine mpya, lakini mkalimani wangu bado anachapa kazi." Nikajibu, "Ndiyo, Mzee." Sasa mkutano mkuu ni wiki ijayo, na amesema atawaonyesha wanachama wote ukurasa wa taarifa za mkalimani, nao unataja wazi tarehe aliyokompailiwa, mwezi wa nne, Mzee akiwa ameshahamia Lipingo. Ataumbuka mbele za watu kwa sababu yangu. Naweza kukompaili upya nikaweka tarehe ya zamani, njia naijua. Nifanye hivyo?

Luisa, Matiri

Luisa,

Hapana. Mimi kompyuta naijua kuwasha na kuzima tu, lakini kughushi nakujua.

Kwanza hongera, maana kazi umeiweza. Pili, acha ujinga. Ulisema ndiyo kwa heshima, sawa, ila ni heshima gani hiyo ya kumwacha mzee asimame mbele za watu ajiaibishe? Huko kwenu mwanaume hupanga majani ya ngolo, yale mashimo ya kulimia mlimani, mwanamke akaja kufukia udongo juu, na mahindi yakiota hakuna anayegombea shimo ni la nani. Yeye alikufundisha, wewe umemalizia.

Jumamosi panda gari uende Lipingo. Usipige simu. Mwamkie, kula samaki wa usipa utakaowekewa, ndipo useme: "Mzee, wako aligoma, nikatengeneza mwingine kama ulivyonifundisha, nikaogopa kukwambia." Atanuna. Mwache anune mpaka chai.

Halafu kuna jambo limenikera. Unalalamika kwamba vigezo hakuviandika, je, vyako umeviandika wapi? Nimesoma barua yako mara mbili sijaona. Nenda na daftari, uviandike vyote mbele yake, akusahihishe.

Siku ya mkutano usiguse chochote. Mwachie yeye aisome tarehe kwa sauti, kisha awaambie wanachama kwamba siku hiyo alikuwa Lipingo, na aliyefanya kazi ni Luisa, mwanafunzi wake.

Mama Tadea