Vifungo Kumi na Vinane

Geneva, 21 Novemba 2003

Kwa mama yangu mpendwa Deolinda,

Kabla ya salamu naomba baraka zako, mama, kama ulivyonizoesha kuziomba hata kwenye simu. Magoti yanasemaje na baridi hii? Jirani yako Zulmira aliniambia kwamba siku hizi unapanda ngazi za kanisa kwa kushika ukuta, na ukiambiwa utumie fimbo unajibu kwamba fimbo ni ya wazee. Shika fimbo, mama, ukuta hautakufuata hadi nyumbani. Zeituni mmeshavuna? Na nguruwe mnamchinja kabla ya Krismasi, au mmemwongezea siku? Mimi huku ni mzima wa mwili. Ya moyoni ndiyo yaliyonifanya niandike badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ungenisikia nalia, ungesema tuzungumze mengine, nami ningekubali haraka sana.

Barua hii usimpe Zulmira akusomee. Isome mwenyewe, polepole, hata ikikuchukua siku mbili.

Nilikwambia kwamba watu wa mnada walinitoa kwenye kupiga pasi vitambaa vya meza vya hoteli wakanipa kazi kwao. Sikukueleza vizuri kazi yenyewe, kwa sababu neno almasi sisi wawili hatulitaji. Kila Mei na Novemba huuzwa hapa vito vya wafalme waliopinduliwa na mabwana waliofilisika. Mimi husimama nyuma ya kabati la kioo, hufungua kufuli, humvisha mteja kidani shingoni na kumshikia kioo ajitazame. Wanaouza huingia kwa mlango wa nyuma, wanaonunua kwa mlango wa mbele, na mara nyingine ni mtu na binamu yake. Mkuu wangu, Bibi Chappuis, husema jiwe bila hadithi ni jiwe tu, lakini likipata hadithi hupanda bei mara tatu. Hadithi hizo huandikwa kwenye kitabu cha mnada, na kila mtu huzisoma kama anasoma Injili.

Mwaka huu ukurasa wa katikati ulikuwa na kidani cha almasi kumi na nane, mali ya marehemu Kontesa wa Montelvar. Nilipoliona jina la bibi yule uliyemtumikia nilikaa kwenye sanduku la vioo, nikamwambia Bibi Chappuis kwamba sikuwa nimekula asubuhi.

Kitabu kilisema hivi. Kiangazi cha mwaka uliofuata mapinduzi ya Ureno, wakati vibarua walipokuwa wameyateka mashamba ya Kontesa na walinzi wa mpakani wakipekua mizigo, bibi huyo shujaa alikivunja kidani kwa mikono yake mwenyewe, akaficha kila jiwe ndani ya kifungo kilichofunikwa kitambaa, akavishona vifungo kumi na vinane kwenye koti lake jeusi la baridi, akavuka kuingia Uhispania na kisha Brazili akiwa ameuvaa utajiri wake kifuani. Koti lenyewe lingeonyeshwa pamoja na kidani.

Koti la baridi katikati ya Julai, mama. Mara ngapi nimekusikia ukisimulia koti hilo? Kila tulipochinja nguruwe, mikono imejaa damu na vitunguu, ulieleza jinsi Kontesa alivyokuletea vifungo vizito vimeshafunikwa tayari, akakuambia vina madini ya risasi ndani ili koti likae vizuri mwilini, nawe ukashona huku jasho likikudondoka puani. Wanawake walicheka wakasema matajiri wakitoroka jua hubeba theluji yao. Mimi nilicheka kuliko wote. Sasa najiuliza kama ulikuwa unatuchekesha, au ulikuwa unajitetea mbele yetu mwaka baada ya mwaka na hakuna aliyekusikia.

Maana yaliyofuata sote tunayajua. Kontesa aliacha nyuma yake barua kwa polisi wa Lisbon kwamba kidani kimeibwa na mtumishi wake Deolinda. Walikuweka ndani siku mbili, wakapekua hata godoro lako, hawakuona kitu, wakakuachia bila kesi na bila kukusafisha. Ulirudi kijijini na sanduku moja na jina la mwizi. Baba aliandika kutoka Ufaransa kwamba hawezi kurudi kwenye nyumba ya aibu, na hakurudi. Pale kwenye birika la kijiji la kufulia nguo wanawake walikuuliza, "Deolinda, leo supu umeitia almasi ngapi?" Shuleni mimi sikuitwa Idalina. Niliitwa Almasi.

Siku ya kwanza ya maonyesho Bibi Chappuis alitaka mtu wa kulivaa koti lile ili wageni waone mawe yalivyokaa. Alinipima kwa macho akasema nina mabega ya Kontesa. Nilitabasamu kama mtu aliyesifiwa. Vifungo vilikuwa vimepasuliwa kwa juu, pale walipotolea mawe, lakini nyuzi zake zilikuwa hazijaguswa. Niligeuza ukingo wa koti kwa ndani nikaona, nyuma ya kila kifungo, msalaba mdogo wa uzi mwekundu. Ni ule ule unaoushona kwenye nguo zote ili kijicho kisimpate mvaaji. Nimeuvaa kwenye koti la shule miaka sita.

Kwa hiyo nilijua, mama, siku tisa kabla ya mnada. Nilijua kwamba ulivishona wewe, na kwamba mwizi aliyesakwa milimani kwetu alikuwa anavuka mpaka na vifungo vyako kifuani, huku barua yake ikiwageuza polisi watazame kwingine. Nikanyamaza. Nilipoajiriwa nilipewa karatasi iliyouliza kama kuna mtu wa familia yangu aliyewahi kushukiwa kwa wizi, nami niliandika hakuna. Nilijiambia nikisema ukweli mmoja utanifukuzisha kwa uongo mwingine. Siku tisa nilizunguka ukumbini nimevaa koti lile. Mabibi walivipapasa vifungo wakasema Kontesa alikuwa na mkono mwepesi wa kushona, na mimi niliwajibu ndiyo, bibi, mwepesi sana.

Siku ya mnada nyundo ilishuka kwa bei mara nne ya waliyotarajia. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Na mimi nilipiga, mama. Nimesimama pembeni, misalaba yako inanigusa kifuani, na mikono yangu inapiga makofi.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo hata kuliandika mkono unakataa.

Baada ya mnada mjukuu wa Kontesa, Bwana Lourenço, alikuja nyuma kutushukuru. Si mtu mbaya. Alisikia lafudhi yangu akaniuliza kwa lugha yetu mimi ni wa wapi, nami nilitaja milima yetu bila kutaja kijiji. Uso wake ukachangamka. Akasema kumbe natoka upande wa Deolinda wao. Akanieleza kwamba bibi yake aliwasimulia mara nyingi jinsi mtumishi huyo mwaminifu alivyokubali kwa hiari yake aitwe mwizi ili polisi wahangaike milimani na mpaka ubaki wazi, na kwamba alilipwa vizuri sana, fedha ya kumkalisha raha maisha yake yote. "Kila Krismasi tunainua glasi kwa heshima yake," alisema. "Bila yeye tusingekuwa na kitu."

Nilitoka pale nikatembea kando ya ziwa hadi nyumbani. Na njia nzima nilimwamini.

Nilimwamini yeye, mama. Nilikuwa nimeshika mkononi ushahidi wa uzi wako mwekundu, na bado neno la mjukuu wa Kontesa lilinitosha nikushuku tena. Nilitembea nikijiuliza fedha hiyo uliificha wapi. Nilipekua akilini dari, kisima, kasha la cherehani. Na nilijua kupekua hivyo kwa sababu niliwahi kufanya. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, wiki uliyokwenda kumuuguza bibi, nilichimba chini ya banda la nguruwe kutafuta almasi. Uliporudi ukaona udongo umetifuliwa ukasema nguruwe huyu ana pua ya shetani. Hakuwa nguruwe. Hata mto wako niliutoboa, nikaushona kabla hujarudi. Sikuwa natafuta ili nikusafishe. Nilikuwa na hakika unazo, na nilikuwa na hasira kwamba tunakula supu ya kabichi tupu juu ya utajiri.

Kilichonirudisha ni kitu kidogo. Nilikuwa nimefika mlangoni, natafuta ufunguo, nikakumbuka asubuhi niliyoondoka kuja huku, ulivyonikabidhi nauli ya basi imefungwa kwenye leso, na masikio yako yalivyokuwa matupu. Hereni za dhahabu za mama yako ulikuwa umeziuza mjini siku iliyotangulia. Mwanamke mwenye fedha ya Kontesa havui dhahabu ya mama yake masikioni ili mtoto apande basi. Nilikaa kwenye ngazi nikaona haya ambayo sikuwahi kuiona, hata siku walizoniita Almasi.

Kesho yake nilimfuata Bwana Lourenço hotelini nikamwambia mimi ni mtoto wa Deolinda, kwamba hukukubali lolote, hukulipwa chochote, na vifungo ulivishona bila kujua. Alibadilika rangi, akaniagizia kahawa ambayo sikuigusa. Nilimwomba aandike mistari miwili na kutia sahihi. Alisema bibi yake ameshafariki, aliyenunua kidani amenunua na hadithi yake, na wakili hatakubali. Alisema anasikitika. Naamini anasikitika. Kisha nikaenda kwa Bibi Chappuis nikamweleza yote, pamoja na karatasi niliyoidanganya. Alinisikiliza akasema atanipigia simu, na simu haijalia. Nadhani nitarudi kwenye pasi.

Kwa hiyo sina karatasi ya kukuletea, nina mdomo tu. Nitafika tarehe kumi na nane Desemba, na Jumapili, watu wakitoka misani, nitasimama mlangoni nimwambie kila mmoja kidani kilikuwa wapi. Najua watasema mtoto hakosi kumtetea mama yake. Waseme, nitarudia.

Lakini kabla yao uko wewe. Miaka ishirini na minane imepita, nimekula mkate wako, na hata siku moja sikukuuliza kama ulikichukua. Nilijidanganya kwamba ni heshima. Haikuwa heshima. Niliogopa ungejibu hapana, nami ningebaki na mama mwizi ambaye pia ni mwongo. Nadhani ulikuwa unangoja nikuulize. Nikifika usinipakulie supu kwanza. Kaa, nikuulize kwa mdomo wangu, unijibu, nami nikuamini kabla hujamaliza.

Nisalimie Zulmira na wanawe, na wote wanaoulizia habari zangu, pamoja na wale wasioniulizia. Usitoke nje bila shali. Nakubusu mikono yote miwili.

Ni mimi mwanao mwenye kukuonea haya,

Idalina